Mwaka Niliovaa Sweta Lodwar

Tulimzika mama mkwe wangu mwezi uliopita, nyuma ya nyumba yake pale Nawoitorong, katika ardhi ngumu iliyowatoa vijana jasho tangu alfajiri hadi saa tano. Mhubiri alisimama chini ya turubai la kukodi akatueleza marehemu alikuwa nani, nami nikamsikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za mji ambao hajawahi kufika. Alisema marehemu alikuwa mwanamke wa maombi, na kwamba mkaza mwana wake, yaani mimi, aliwahi kuugua ugonjwa uliowashinda madaktari, marehemu akafunga na kuomba siku arobaini, nami nikapona bila dawa. Watu wakasema amina. Mimi nikacheka. Sikukusudia, kilinitoka tu, na mume wangu Ewoi akanikanyaga mguu. Asubuhi ile ile, kabla sijagusa sufuria wala kuvaa viatu, nilikuwa nimemeza kidonge changu kwa maji matupu, kama ninavyofanya kila asubuhi kwa zaidi ya miaka kumi sasa. Na marehemu, Mungu amrehemu, alikwenda kanisani Pasaka na Krismasi, na mara zote mbili alisinzia. Alikuwa na mambo mengi ya kusifiwa, ila hilo halikuwa mojawapo. Basi nitauandika mwaka ule mimi mwenyewe, kabla wahubiri hawajaumaliza.

Ulikuwa mwaka 2012, mwaka ambao Lodwar ilijaa wageni. Mafuta yalikuwa yamepatikana kule kusini, na kila mwenye shati la mikono mirefu alishuka mjini na mkoba wake akiuliza bei ya ploti huku akijifuta jasho kwa leso. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na saba, na nilivaa sweta. Ilikuwa sweta nzito ya kijivu, ya mtumba, yenye vifungo hadi kooni, katika mji ambao mbuzi huanza kutafuta kivuli saa mbili asubuhi. Nilisikia baridi. Sikuwa na homa, sikutetemeka, nilisikia baridi tu, iliyokaa ndani ya mifupa na haikutoka hata nikisimama juani saa saba mchana. Majirani walinitazama wakiwa wamesimama mlangoni, na walipodhani nimepita, wakasema yao. Mmoja alisema nimelogwa. Mwingine, ambaye alikuwa amesoma kidogo, alisema ni fasheni ya Nairobi. Sikujua ni yupi kati yao aliyenichukiza zaidi.

Baridi ilikuja na wenzake. Nywele zilibaki kwenye kitana. Ngozi ilikauka kama samaki aliyeanikwa ziwani Kalokol. Sauti yangu ilishuka ikawa nzito, mpaka watu walionipigia simu waliomba kuongea na Akiru, nami nikawaambia ndiye huyu. Nilinenepa ingawa nilikula mara moja kwa siku, na nililala kama gunia mahali popote nilipokaa. Damu ya mwezi ilipokuja, ilikuja kwa wiki mbili. Isipokuja, ilipotea miezi mitatu. Nilikuwa nimeshapoteza mimba mbili, zote zikiwa changa, ya pili nikiwa kazini katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, nyuma ya magunia ya mahindi. Hilo la mwisho sikumwambia mtu isipokuwa Ewoi, na Ewoi alimwambia mama yake, na mama yake aliwaambia wazee, kwa hiyo ni kama nililitangaza redioni. Wahenga wanasema mficha uchi hazai. Mimi sikupewa hata nafasi ya kuficha, na bado sikuzaa.

Lazima nieleze ndoa yetu ilisimama wapi, kwa sababu hapo ndipo penye jambo lenyewe. Kwetu Waturkana ndoa haimalizwi na kanisa wala chifu. Inamalizwa siku mifugo inapotoka kwa upande wa mume ikaingia kwa baba wa mke, na fahali akachinjwa. Watu wanaweza kukaa pamoja miaka kumi, wakajenga, wakazaa, na wakawa bado hawajaoana. Na watoto wanaozaliwa kabla ya mifugo kuvuka ni wa baba wa mwanamke. Kwetu mtoto hufuata mifugo, hafuati kitanda. Mimi na Ewoi tulikuwa na miaka minne katika nyumba ya mama yake, kwa heshima zote na bila mbuzi hata mmoja kutolewa. Mifugo ya marehemu baba yake ilikuwa kwa ami yake Longor, kule Lokiriama, mpakani na Uganda. Alikuwa ameirithi kaka yake alipokufa, akamwachia mama mkwe wangu kibuyu na watoto. Longor ndiye aliyekuwa na neno.

Alikuja mwezi wa tatu na wazee wengine wawili. Sebule yetu ilikuwa na makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, feni iliyokoroma darini, na kalenda ya muuza simenti. Longor alitazama makochi kama mtu anayeonyeshwa jeneza, akatoa kigoda chake akaketi katikati ya chumba. Mimi nilikuwa jikoni, nyuma ya mabati, nikiwachemshia nyama ya mbuzi, nimevaa sweta mbele ya moto na bado vidole vyangu ni baridi. Kwa miaka minne walikuwa wamesema mwaka huu, mwaka ujao. Siku hiyo nikasikia sababu.

"Ngamia si mchanga," Longor alisema. "Hatutoi ngamia kwa tumbo tupu."

Akaendelea kupanga mambo kwa sauti ya mtu anayegawa nyama. Nisiposhika mimba hadi mvua za mwaka unaofuata, kulikuwa na binti wa Lokiriama, mwenye afya, kwao huzaa sana. Yeye ataletwa katika nyumba hii, na mifugo itatoka kwa ajili yake. Mimi nitarudi kwetu. Hapatakuwa na talaka, kwa kuwa hapakuwa na ndoa. Nilisimama na mwiko mkononi nikingoja Ewoi aseme kitu. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu anayeweza kueleza sehemu na desimali kwa watoto sabini katika darasa moja. Akasema, "Nimesikia." Basi. Nikawapelekea nyama yao, nikawanawisha mikono, wakala wakaisifu.

Nitasema jambo kwa upande wa Longor, maana haki ni haki. Alichinja mbuzi siku iliyofuata, akatandaza matumbo yake kwenye majani, akayasoma. Alisema ameona njia imefungwa na jiwe. Nilidharau, lakini nikilinganisha na nilikotoka, naona yule mzee alifanya kazi nzuri: angalau siku hiyo kulikuwa na mtu aliyechunguzwa ndani, hata kama alikuwa mbuzi. Maana nilikuwa nimekwenda mara sita kwenye kliniki moja ya mjini, ya mtu binafsi, ambayo jina lake sitalitaja na sasa imefungwa, kwa yule tuliyemwita dokta. Dokta hakuwahi kuinua macho kutoka kwenye daftari. Mara ya kwanza alisema malaria. Mara ya pili taifodi. Mara ya tatu malaria na taifodi pamoja, kama watu waliofunga ndoa. Mara ya nne alisema damu ni kidogo, akanipa vidonge vya kuongeza damu, na hilo labda lilikuwa kweli. Mara ya tano alisema ni stresi. Mara ya sita nilimwambia nimepoteza mimba mbili na nasikia baridi, akaandika, akaandika, kisha akasema, "Madam, punguza kula." Debe tupu haliachi kuvuma. Hakuna hata siku moja aliyosema Ewoi naye apimwe, na Ewoi hakujitolea.

Aliyeniona alikuwa mtu wa kambini. Jumatatu hadi Ijumaa nilikaa na kufanya kazi Kakuma, karani na mkalimani mahali wakimbizi walipopokelea chakula. Wenzangu waligombania kiti kilichokuwa karibu na kiyoyozi. Mimi nilibeba changu nikakaa nje kwenye jua, na wanawake wa Sudan Kusini waliokuwa kwenye foleni wakaniita Mama Sweta. Lilikuwa jina la utani tu, lakini siku nyingine lilinichoma, maana hilo "mama" sikuwa nimelipata kwa njia nyingine yoyote. Siku moja akaja mwanamke wa Kongo aliyeitwa Furaha. Alikuwa nesi kwao, miaka kumi na miwili katika wodi ya kina mama. Kambini vyeti vyake havikutambuliwa, kwa hiyo walimweka kupima watoto uzito na kuandika kwenye kadi. Hakuja kwa chakula. Alisimama mbele yangu akaniuliza jina, nikamjibu. Akaniambia niseme tena. Nikasema tena. Kisha akaniomba nifungue kifungo cha juu cha sweta, akaweka vidole viwili shingoni mwangu, mbele ya foleni nzima, akaniambia nimeze mate.

"Dada, hii baridi yako haiko ya inje," akasema. "Ni ya ndani. Waende wakupime tezi ya shingo."

Alinieleza nikiwa nimesimama juani, kwa dakika tano, kile ambacho dokta hakukifikia kwa mara sita. Kwamba kuna tezi kooni, inayoitwa thairoidi, ambayo ni kama jiko la mwili. Ikizembea, kila kitu kinapoa: damu inakwenda polepole, nywele zinaanguka, sauti inazama, akili inasinzia. Na mayai ya mwanamke nayo yanapoteza mpango, hayatoki kwa wakati wake, na mimba ikishika haishiki vizuri. Alisema kwao mlimani ameona wengi. Alisema inatibika. Nililia pale pale, na si kwa furaha. Nililia kwa hasira, kwa sababu mtu aliyezuiwa kushika hata sindano ndiye aliyekuwa nesi pekee niliyemwona mwaka mzima.

Aliniandikia jina la kipimo kwenye kipande cha karatasi ya kadi. Maabara moja ya Lodwar ikachukua damu, ikaisafirisha Eldoret ndani ya kisanduku cha barafu, na baada ya majuma mawili majibu yakarudi: tezi yangu ilikuwa karibu imelala kabisa. Vidonge vilikuwa mahali pamoja tu mjini. Ndiyo, kwa dokta. Alisoma karatasi ile, akatikisa kichwa, akasema, "Ah, thairoidi. Nilikuwa nashuku." Akanihesabia vidonge vidogo vyeupe katika bahasha ya kaki, akaandika juu yake 1x1, akaongeza vile vya damu katika bahasha nyingine, akasema nimeze vyote asubuhi baada ya chakula ili visinichome tumbo. Nilimshukuru. Jambo hilo bado linanikera nikilikumbuka.

Mama mkwe alizipokea dawa zile kwa moyo wote. Hapa ndipo mhubiri alipokosea zaidi, kwa sababu yule mama hakufunga siku arobaini, alinilisha. Kwake yeye dawa ilikuwa mnyama mkali ambaye lazima akute tumboni kuna kitu, asije akamla mwenyewe aliyemmeza. Kila Jumamosi na Jumapili aliamka kabla yangu, akakamua mbuzi wake, akachemsha chai ya maziwa matupu yenye sukari nyingi, akaja nayo hadi kitandani na kusimama juu yangu mpaka nimeze vidonge vyote na kikombe kiishe. Kila Jumatatu alinifungia maziwa ya ngamia, ya kununua sokoni, kwenye kibuyu niende nayo Kakuma, na nilikuwa nikimezea hayo. Sikuwahi kutunzwa hivyo na mtu yeyote. Na wiki baada ya wiki sweta ilibaki mwilini. Mwezi wa tano, wa sita, wa saba. Dokta akaniongezea dozi. Mwezi wa nane akaniambia mbele ya wagonjwa wengine kwamba wanawake wa huku hawamezi dawa, wanazitupa, kisha wanarudi kumsumbua. Nyumbani Ewoi akaniuliza kwa upole kama ni kweli nazitupa. Nilimtazama hadi akatoka nje.

Mwezi wa kumi Furaha aliniita kwake nikale. Chumba chake kilikuwa cha matofali ya udongo na paa la bati, kisafi kuliko kliniki yoyote niliyoingia, na kalenda tatu za miaka iliyopita zilizobandikwa kuziba nyufa. Alipika sombe, yale majani ya muhogo, na samaki mkavu, na bugali, ugali wao mgumu wa muhogo. Watoto wa jirani walikuwa wakizozana nje kwa Kisomali na Sheng. Alinitazama nikivuta sweta magotini, akaacha kula.

"Ile dawa," akasema, "unaikunywaka na nini?"

"Na chai ya maziwa."

"Na nini tena?"

"Na vidonge vya damu. Pamoja."

Furaha akanawa mikono taratibu. "Basi weye unakunywaka chai tu," akasema.

Akaeleza. Kidonge kile ni dhaifu, kinataka tumbo tupu na maji matupu, kisha saa nzima bila chochote. Maziwa yanakishika, vidonge vya damu vinakishika zaidi, hakipiti, kinatoka kama kilivyoingia. Vya damu vingengoja hadi jioni. Ni hayo tu. Hakukuwa na siri nyingine. Nusu mwaka wa maisha yangu, nusu ya muda niliopewa na Longor, ulikuwa umepotelea kwenye kikombe cha chai. Nilimdharau dokta, ndiyo, lakini jioni ile nilijidharau mwenyewe zaidi: mimi niliyemaliza kidato cha nne, niliyewasomea watu fomu za Kiingereza kutwa nzima na kuwacheka moyoni wakitia dole gumba, sikuwahi kuuliza kidonge changu kinamezwaje.

Jumamosi iliyofuata nilimweleza mama mkwe, vizuri, kwa Kiturkana na kwa adabu. Alikuwa amesimama na kikombe. Alinisikiliza hadi mwisho. Alipokasirika alikuwa na desturi ya kuhamia Kiswahili, kile cha sokoni, kama mtu anayekufungia mlango wa nyumba na kuongea nawe dirishani.

"Dawa gani hii inaogopa maziwa?" akauliza. "Maziwa ya hii nyumba iko na sumu?"

Nikasema si sumu, ni vile dawa ilivyo. Akasema nimepata mama mwingine kambini, mkimbizi, ndiye ananifundisha kukataa mkono wake. Nikasema, na nilisema kwa sauti ya juu, kwamba huyo mkimbizi ana akili kuliko Lodwar nzima. Lilikuwa kweli, na halikufaa kusemwa. Akamwaga chai ile mlangoni, mbele yangu, akarudi kwa mbuzi wake. Kwetu maziwa hayamwagwi. Nikafunga nguo zangu, nikahamia Kakuma moja kwa moja, na kwa mwaka mzima hatukusalimiana hata kwa "ejok". Nilikuwa namdharau, nikijiambia ni mjinga. Sikuwa tayari kuona kwamba yeye pekee katika nyumba ile alikuwa ameamka mapema kwa ajili yangu.

Kakuma nilimeza kidonge kwa maji ya mtungi, kisha nikakaa kwenye kizingiti saa nzima nikitazama wanawake wakipanga mitungi yao bombani. Wiki ya tatu nilisikia joto. Niliona jasho kwenye kwapa langu, nikalinusa kama mtu aliyeokota pesa. Mwezi wa pili sauti yangu ikarudi, na Ewoi alipopiga simu alisema alidhani amekosea namba. Damu ikaanza kuja kwa siku zake. Nilimpa mama mmoja wa Sudan Kusini sweta ile, naye akaitumia kufunikia sufuria ya maharagwe yasipoe. Kipimo cha pili kilionyesha tezi inakaribia sawa. Dokta alipokiona alisema, "Si nilikuambia zitafanya kazi?" Sikumjibu, kwa sababu bado ndiye aliyekuwa na vidonge. Ewoi alianza kuja Kakuma mwisho wa wiki. Sikumfukuza. Nilimpenda, ingawa mwaka ule nilimpenda kama mtu anavyopenda kiti kibovu ambacho amekizoea.

Mwezi wa pili mwaka 2013, watu wote wakiwa na wazimu wa uchaguzi, wanabishana nani atakuwa gavana, nikakosa siku zangu. Nilimwendea Furaha kabla ya Ewoi. Aliniambia nisingojee hata wiki, maana mimba hula dawa ya mama, dozi lazima iongezwe mapema. Dokta, kwa hekima yake, alisema mjamzito haruhusiwi vidonge vya aina hiyo, niache kabisa. Hapo nilipanda gari hadi Eldoret, kwa daktari ambaye alinitazama usoni, naye akasema maneno yale yale ya Furaha, moja baada ya jingine. Akaongeza dozi. Mwezi wa tatu wa mimba ukapita, mwezi ambao zile mbili zilizotangulia hazikuupita. Mvua zikanyesha. Mtoto akabaki.

Longor alifika mwezi wa nane, tumbo likiwa limejitokeza mbele yangu, na sasa alikuwa na haraka. Sikuwahi kuona mzee mwenye haraka namna ile. Miaka mitano ngamia hawakuweza kutembea, sasa walikuwa wameshafika nje ya mji, na ng'ombe na mbuzi pamoja nao, na fahali wa kuchinja. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Matumbo yake ndiyo yalikuwa yanauma safari hii. Mifugo ikivuka kabla sijazaa, mtoto ni wao. Ikichelewa, ni wa baba yangu. Kila mtu alijua hesabu hiyo, hata Ewoi.

Nilimpigia simu baba, mlinzi wa shule kule Kalokol, mtu wa maneno machache. Nilimweleza kwamba wanakuja. Akaniuliza, "Wewe unataka nini?" Katika mwaka ule wote na nusu ya mwingine, hakuna mwanamume aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikamwambia nataka wangoje. Baba akacheka, kicheko kifupi. Ujumbe wa Longor ulipomfikia, aliwapokea vizuri, akawapa samaki, akawaambia anasikitika sana, zizi lake limebomoka, hawezi kupokea wanyama wa watu wazima katika zizi bovu, wampe miezi michache alijenge. Baba yangu hajawahi kuwa na zizi. Wazee walijua. Lakini mtu mzima akisema zizi lake limebomoka huwezi kumwambia nionyeshe, na hapakuwa na njia ya kumlazimisha apokee. Wakala samaki wakarudi.

Ewoi alikuja Kakuma siku iliyofuata. Alikaa kwenye kitanda changu akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, akasema mtoto ni wake, kwamba nitamfanya baba asiye na mtoto mbele ya ukoo wake, kwamba nawaadhibu wote kwa kosa la Longor.

"Akiru, mimi ni baba yake," akasema. "Unasikia?"

"Nimesikia," nikamwambia.

Alilia, na nilifurahi. Sijivunii furaha hiyo, lakini naiandika kwa kuwa ilikuwepo, na ilikuwa tamu. Kisha nikampikia chai, akanywa, akalala. Tuko pamoja hadi leo. Wakati fulani baadaye mifugo ilivuka, michache, mmoja mmoja, nami ni mke kamili sasa kwa sheria zote. Lakini mtoto yule haikumhusu.

Nilijifungua Lodwar mwezi wa kumi na moja, msichana, wa uzito mzuri, na sauti iliyosikika hadi lango la hospitali. Furaha alikuwa ameniagiza niwaambie wampime tezi naye, nikawaambia, nikawasumbua hadi wakampima, na ilikuwa nzima. Kwenye kadi ya kliniki, mahali pa jina la ukoo, nikaandikisha la baba yangu. Siku ya pili mama mkwe akaja. Nilimwona akiingia wodini na shanga zake zote shingoni, mikono mitupu, akipita kitanda kimoja baada ya kingine akitafuta, na nikajitayarisha kwa vita. Alisimama kando yangu. Hakunisalimia. Alimtazama mtoto, akainama akamnusa kichwani, akamchukua kifuani mwangu bila kuomba.

"Hii mtoto ni ya nani?" akauliza, kwa Kiswahili kile cha hasira.

"Ni wa baba yangu," nikasema. "Na imeshaandikwa."

Alivuta kiti kwa mguu akaketi. Alimpakata mtoto vizuri, akamfunika miguu kwa pindo la shuka lake, akatazama dirishani, kule barabara ya Lokiriama inakotokea.

"Wacha," akasema. "Ile ngamia ya Longor niliona. Imekonda yote."